Utando wa Yai kwenye Mkono wa Fundi

Kibanda cha shangazi yangu kilikuwa Gikondo, mjini Kigali, kimeegemea ukuta wa gereji, kiasi kwamba mtu akipiga nyundo upande ule, vikombe vyetu vilicheza upande huu. Tuliuza mureti. Najua wengine husema omleti, na waliosoma walikuwa na namna yao ya kulitamka neno hilo puani, lakini kwa mafundi wa Gikondo ilikuwa mureti: mayai yaliyokaangwa na viazi na vitunguu, na pilipili ya kumtoa mtu jasho ambalo hata injini ya lori haikumtoa. Mimi ndiye niliyekaanga. Shangazi alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akikaribisha wateja, akisimamia adabu, na kubishana na redio kila iliposema jambo asilolipenda.

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili lisije kuonekana geni mbele ya safari. Nilizaliwa Rwezamenyo, upande mwingine wa mji, katika nyumba ya watu wengi na sauti kubwa, ambako usipopaza sauti hupati nyama. Nilipoanza kazi kwa shangazi nilikuwa nimeshapita miaka ishirini, sijaolewa, na kila mama mtaani kwetu alikuwa na maoni kuhusu jambo hilo. Nilikuwa nikiyajibu maoni hayo papo hapo, barabarani, mbele za watu. Mama yangu alifurahi sana nilipopata kazi ya mbali na nyumbani.

Ilikuwa miaka ile ya tisini na moja kuingia tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini, na sisi mjini tulivijua kwa upungufu wa vitu: sukari ilipotea ikarudi, barabara ya kwenda Uganda ilifungwa na malori yote yakawa yanapitia mpaka wa Rusumo kwenda Dar es Salaam, na dispensari leo ilikuwa na bandeji, kesho haina. Lakini watu walikula, na mafundi walikula kuliko wote. Nikikikumbuka kibanda kile nakumbuka vicheko kwanza. Yaliyotupata baadaye, mwaka ule ambao kila mtu anaujua, yana mahali pake pa kuandikwa, wala si hapa katikati ya mayai yangu.

Siku yenyewe ilianza kwa ukelele kutoka gereji. Tulizoea kelele za upande ule, ila hii ilikuwa sauti ya mtu aliyeumia, na nikaacha kikaango motoni nikakimbia. Nilimkuta yule fundi mrefu wa injini kubwa, aliyejifunza kazi katika gereji za Bukavu, amekaa chini, ameushika mkono wake wa kushoto kana kwamba si wake. Alikuwa mteja wetu wa kila siku, lakini alizoea kula akiwa amenipa mgongo, na kusema kweli sikuwahi kumtazama usoni vizuri. Mwenye lori moja la Daihatsu alikuwa amemsimamia akipiga kelele kwamba amechelewa, na fundi, ili kelele ziishe, akafungua kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa. Mvuke na maji yaliyochemka vilimpata kuanzia kiwikoni kushuka mpaka karibu na kifundo cha mkono.

Wenzake walikuwa wameshaanza kumtibu. Gereji ile ilikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ni grisi. Mlango ukilia, grisi. Boliti ikigoma, grisi. Mtu akiungua, wanachota kwa vidole vitatu na kumpaka kama wanavyopaka ekseli. Nilipofika, nusu ya mkono ilikuwa imeshakuwa nyeusi, na mwenyewe amefumba macho kwa uchungu.

Shangazi hakuwa mtu wa kuinuka kwenye kigoda chake ovyo. Siku hiyo aliinuka.

"Mnampaka grisi!" alifoka. "Huyu ni mtu au ni beringi?"

Aliwatawanya kama kuku. Tulimleta kibandani, tukammiminia maji baridi, jagi baada ya jagi, kwa muda mrefu mpaka yeye mwenyewe akawa anatetemeka, kisha tukaiondoa grisi polepole kwa sabuni na maji. Mwenye Daihatsu alikuja mlangoni kuuliza lori lake litakwisha saa ngapi. Nilimpa jibu ambalo sitaliandika. Akaenda kusubiri mbali kidogo.

Tulimpeleka kwenye dispensari ya masista, iliyokuwa kilimani juu yetu. Sista aliyetupokea, ambaye kila mtu alimwita Masera kama wanavyoitwa masista wote Kigali, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyefanya kazi huku akiimba kwa sauti ya chini. Alisafisha mkono ule, akampa fundi vidonge vya maumivu, kisha akafungua kabati na kutuonyesha rafu tupu.

"Bandeji hakuna," alisema. "Na hata ingekuwa iko, ile kitambaa inashikamana na kidonda ya moto. Siku ya kuitoa, inatoka na nyama mpya. Nimeona watu wakubwa wanalia."

Hapo ndipo shangazi alipouliza, kwa unyenyekevu ambao sikuuzoea kutoka kwake, "Masera, na utando wa yai je?"

Shangazi alikuwa ameolewa Ujiji ujana wake, na mama mkwe wake alikuwa mkaanga samaki. Mtu anayekaanga samaki maisha yake yote atarukiwa na mafuta, na wanawake wa soko lile, alisema, waliyatibu majeraha yao kwa ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya ganda la yai. Niliona haya. Nilidhani Masera atatucheka. Badala yake aliacha kuimba, akafikiri, akavuta kiti na kukaa.

"Ile ngozi ni protini," alisema. "Ngozi yako pia, nywele yako pia, kucha, yote ni protini. Ndiyo maana inalala juu ya kidonda vizuri, mwili haiifukuzi. Inazuia hewa, inazuia uchafu, maji ya mwili haikauki. Na chini yake mwili inafanya kazi yake yenyewe." Kisha akaninyooshea kidole mimi, sijui kwa nini mimi. "Lakini usafi! Yai linaoshwa na sabuni, ganda likiwa bado zima. Yai bichi ya leo, si ya juzi. Mikono unaosha mpaka hapa. Akipata homa, kidonda ikinuka, ikitoa usaha, unamleta mbio, hakuna mambo ya mayai tena. Na ikishashika, hakuna kuigusa. Kidonda ikipona, inajitoa yenyewe."

Macho ya shangazi yalikuwa yameshaanza ukungu na vidole vyake vilikuwa vinene, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Wanaodhani ni kazi rahisi wajaribu. Unalivunja yai upande wa juu, unamimina ute na kiini kwenye bakuli, halafu kwenye ile sehemu butu yenye hewa unaingiza ukucha taratibu, unautafuta ukingo wa utando, unauvuta. Ukivuta kwa pupa unapata kipande cha ukubwa wa ukucha. Ukivuta kwa subira unapata kipande cha kufunika kiganja cha mtoto, chepesi, cheupe, kinachoteleza. Subira sikuwa nayo. Vipande vyangu vya kwanza vilikuwa aibu tupu, na fundi aliketi amenyoosha mkono juu ya kitambaa safi akinitazama nikilaani kila yai.

"Dada, polepole," alisema. "Mimi siko naenda popote."

Hatimaye kipande kimoja kizuri kilitoka. Nikakilaza kwenye ngozi iliyoungua, upande wenye unyevu chini, nikakinyoosha kwa ncha ya kidole. Kilishika papo hapo. Nikalaza cha pili kikikipanda cha kwanza kidogo, na cha tatu, kama anayeezeka vigae, mpaka mahali pote pakafunikwa. Baada ya muda mfupi utando ulikauka ukang'aa, na ungeweza kuona chini yake. Mabega ya fundi yalishuka.

"Iko inauma?" nilimuuliza, kwa Kiswahili chake.

"Ilikuwa nauma. Sasa iko natulia." Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akacheka. Alikuwa na pengo dogo kati ya meno ya mbele. Nilishangaa mtu huyu amekula kwetu miezi yote hiyo na sikuwahi kuliona pengo lile.

Siku ile kila mteja alikula mureti, atake asitake, kwa sababu bakuli lilikuwa limejaa mayai yaliyovunjwa kwa ajili ya utando wake. Na kwa kuwa mawazo yangu hayakuwa kwenye kikaango, maganda machache yaliingia humo. Mzee mmoja wa kupuliza rangi alitoa kipande kinywani, akakiinua juu wote wakione. "Leo mureti iko na mifupa!" alitangaza. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Nilimtishia kwa mwiko, lakini nami nilikuwa nacheka.

Baada ya hapo habari nzuri ikamfuata fundi. Tajiri mmoja wa malori, aliyekuwa akitengenezea magari yake katika gereji ile, alikuwa akitafuta fundi wa kufuatana na msafara kwenda Dar es Salaam na kurudi, mtu wa kutengeneza lori likiharibika porini. Kazi kama ile kila kijana wa Gikondo aliiota. Ungeiona bahari, ungelipwa vizuri, ungerudi na kanda za muziki na mashati yasiyopatikana Kigali. Tajiri alimtaka fundi wetu kwa kuwa hakuna aliyezijua injini zile kama yeye, ila alimwambia waziwazi mbele yetu, akila mureti yangu: mkono upone kwanza. Porini hakuna dispensari, na fundi wa mkono mmoja hamsaidii. Msafara ukitoka kabla hajapona, atachukua mwingine.

Basi mkono ule ukawa kazi yangu. Nilijiwekea ahadi kwamba nitauponya kabla malori hayajatoka, na mimi nikijiwekea ahadi huwa sina utani. Nilikata kucha, nikabakiza ya kidole kimoja kwa ajili ya utando. Nilinunua beseni jipya la kuoshea mayai. Shangazi alisema sijawahi kuosha hata sufuria kwa bidii ile.

Lakini mkono uligoma. Mwanzoni ulikwenda vizuri, wekundu ukapungua, pembeni ngozi mpya ikaanza kuja. Kisha fundi akatokea asubuhi moja amesimama mlangoni kwa haya.

"Imetoka, dada. Hapa kwa kona."

Kweli kona moja ilikuwa wazi, na chini yake nyama bado mbichi. Nikaweka kipande kingine. Baada ya siku chache akarudi, imetoka upande wa pili. Nikaweka. Akarudi tena, imetoka katikati. Kila nilipoziba huku, kulifunguka kule, na kila palipofunguka kidonda kilianza upya.

Niliwalaumu kuku. Mayai yetu yaliletwa na bwana mmoja kwa baiskeli kutoka Kabuga, mtu mpole aliyefunga trei zake kwa mipira ya tairi na hakuwahi kuvunja hata moja. Nilimsubiri njiani.

"Mayai yako yana nini?" nilimvamia hata hajashuka.

Aliyatazama mayai yake kwa wasiwasi. "Yana nini?"

"Hayashiki! Hayaponyi!"

"Dada," alisema taratibu, "mimi nauza mayai. Siuzi dawa."

Nilimwambia aende na mayai yake, akaenda, na shangazi ikambidi amtume mtu amrudishe kwa sababu kibanda cha mureti bila mayai ni kibanda tu. Nikahamia kwenye mayai ya kienyeji, ya mama mmoja wa karibu na kanisa, ambaye kuku wake walikula chochote walichokitaka. Utando wa mayai yake ulikuwa mnene zaidi na mgumu, nikafurahi, nikauweka. Ulikaa siku mbili tatu. Kisha, "Dada, imetoka."

Hapo maneno yakaanza. Mafundi hawana siri. Mmoja alisema mkono wangu ni mzito, mwingine akasema labda nina nuksi, na yule mzee wa rangi akaomba, kwa utani lakini kwa sauti, kwamba mureti yake ikaangwe na shangazi. Nilicheka nao mchana. Nilipofika nyumbani Rwezamenyo nililia jikoni, na mama yangu akadhani ni vitunguu.

Sasa niseme jambo ambalo wakati ule sikulisema hata kwa nafsi yangu kwa sauti. Nilikuwa na furaha. Kidonda kiligoma, mafundi walinisema, bwana wa mayai alinikwepa, na mimi nilikuwa naamka alfajiri nikiimba. Kwa sababu kila alipokuja kuwekwa utando, fundi alikaa, na mtu huwezi kulaza utando wa yai kwa haraka, kwa hiyo tuliongea. Alinisimulia Bukavu na ziwa lake, na bosi wake wa kwanza aliyekuwa akijaribu boliti kwa meno. Alinisimulia kwamba alikuwa akikaa amenipa mgongo wakati wa kula kwa sababu alipokaa ameniangalia alisahau kutafuna. Aliposema hivyo niliinamia mkono wake kama niliyeona jambo kubwa pale. Alizipenda hasira zangu, hilo ndilo lililonimaliza; nikigombana na mtu yeye alikaa akisikiliza kwa raha kama mtu aliyefunguliwa redio. Nami nilijua fika kwamba nikimponya, ataondoka na malori. Nilitaka apone hata hivyo. Nilitaka apone kwa nguvu zangu zote, na nilipofikiria siku yenyewe ya kupona nilipoteza hamu ya kula.

Tajiri alipita akasema malori yanapakia kahawa, siku si nyingi yanatoka. Akautazama mkono, akatikisa kichwa. Siku hiyohiyo nilimshika fundi kwa mkono ule mwingine nikampandisha mpaka kwa Masera.

Masera aliugeuza mkono dirishani penye mwanga. Kidonda kilikuwa safi, alisema, hakuna usaha, hakuna homa. Ngozi mpya ilikuwa inakuja vizuri sana mahali pote isipokuwa pale palipofunguka. Kisha akainama zaidi, akaacha kuimba.

"Hii ni nini?"

Chini ya utando, si juu yake, ukingoni pale ulipoinuka, palikuwa na alama nyeusi. Ilikuwa grisi. Ilikuwa na mistari midogo iliyojipinda, alama ya kidole gumba, imekaa vizuri kabisa kama kwenye kitambulisho.

"Wewe unaweka utando na grisi?" Masera aliniuliza.

"Mimi naosha mikono mpaka hapa!"

"Basi mayai yako haina kosa," alisema Masera. "Kuna mtu iko anabandua."

Tuligeuka sote wawili kumtazama fundi. Fundi alikuwa anatazama dari.

Sikumbuki jinsi tulivyotoka pale. Nakumbuka kwamba tuliteremka mlima mzima mimi nikifoka na yeye akinifuata nyuma hatua moja, na kwamba waliokuwa wakipita walitupisha. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia juu ya kuku niliowasingizia, na mtu mzima wa Kabuga niliyemfukuza na baiskeli yake, na jina la nuksi nililopewa, na kazi ambayo vijana wote wa Gikondo wangezitoa sadaka figo zao kuipata, naye anaichezea kwa kucha. Nilimwambia anaogopa safari. Nilimwambia kama anaogopa safari angesema, kuliko kujichokonoa kama mtoto wa ndui. Mara kadhaa alifungua mdomo. Sikumpa hata nafasi ya neno moja.

Kibandani niliosha mikono, nikaosha mayai, nikaanza upya. Mdomo ulikuwa bado unawaka lakini vidole, ajabu, vilikuwa vimetulia, na siku ile utando ulitoka vipande vikubwa kuliko siku zote. Nilivilaza kimoja kimoja. Gereji ilikuwa kimya, kwa sababu gereji nzima ilikuwa imesimama mlangoni kwetu ikisikiliza.

"Haya," nilimwambia nilipomaliza. "Usiuguse. Usirudi hapa mpaka utando huu udondoke wenyewe. Hata kula, kale kwingine."

"Yego," alisema. Ndiyo. Akainuka, akaenda.

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na nilipomuuliza kinachochekesha ni nini, alisema nikaange mayai, watu wana njaa.

Alitii. Hilo sikulitegemea. Hakuja kesho yake, wala keshokutwa, wala siku zilizofuata. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta, nyundo yake na kicheko chake, na mchana niliambiwa amekula mkate na fanta amekaa juu ya tairi. Niliunguza mureti. Niliunguza nyingi. Nilimpelekea mtu mmoja sahani tupu kwa heshima zote nikamwambia karibu. Shangazi alikaa akinitazama, na kila jioni alisema neno lilelile, kwamba tumempoteza mteja mzuri, na kila jioni nilimjibu kwamba wateja wapo wengi. Nilisikitika, na nilikuwa na hasira kwa kuwa nilisikitika, na vyote viwili viliingia kwenye vitunguu.

Kisha asubuhi moja malori yakajipanga barabarani mbele ya gereji, yamepakia, yamefungwa turubai, injini zinanguruma, moshi umejaa mpaka kwenye chai. Madereva walikuja kula kwa haraka. Nilikaanga bila kuinua kichwa, na nilipoinua, fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na ana begi begani. Alifungua kiganja chake, na ndani yake palikuwa na utando, umekauka, umejikunja, mwepesi kiasi kwamba upepo wa mlangoni ulitaka kuuchukua.

"Umetoka wenyewe," alisema. "Leo asubuhi, nikiwa nanawa. Sikuugusa."

Niliushika mkono wake nikaugeuza. Ngozi ilikuwa mpya mahali pote, nyororo, ya rangi iliyopauka kidogo kuliko ile nyingine, bila kidonda, bila ufa. Nilipitisha kidole kuanzia kiwikoni mpaka kwenye kifundo. Nilikuwa nimemponya. Niliona fahari kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuiona, na pale pale machozi yakanitoka mbele ya madereva wote, na safari hii hapakuwa na vitunguu karibu.

"Tajiri amekuchukua," nilisema.

"Amenichukua. Tunatoka sasa."

Nje lori la mbele lilipiga honi. Hakusogea. Aliuvuta mkono wake taratibu, akautazama yeye mwenyewe, kama mtu aliyerudishiwa kitu na hajui akiweke wapi.

"Tatizo ni hili," alisema. "Sasa nimepona. Nikirudi kutoka Dar sina kidonda. Nikikuja hapa, nitasema niko nafuata nini?"

Ndipo nikaelewa kwa nini shangazi alicheka. Mlima mzima nilikuwa nimemfokea juu ya woga wa safari, na mtu huyu alikuwa akijibandua ngozi ili awe na sababu ya kukaa mbele yangu.

"Sema una njaa," nilimwambia.

"Na nikishiba?"

Honi ilipigwa tena. Madereva waliacha kutafuna.

"Ukishiba," nilisema, "kaa."

Alikwenda Dar es Salaam na malori. Alirudi mvua zikiwa zimeanza, akaja moja kwa moja kibandani na vumbi la Rusumo kwenye nywele, akasema ana njaa. Nilimkaangia. Alikula, akashiba, akakaa. Bado amekaa.